Bastola ya Kupigia Makopo

Kila mnapokuja kunitembelea, wapwa zangu na rafiki za wapwa zangu, mnaniuliza swali lile lile kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa: ilikuwaje mtu mwenye shahada mbili akamalizia kazi nyuma ya kaunta ya duka la bunduki, Carrollton, karibu na Dallas? Leo nawajibu kwa maandishi ili msipate nafasi ya kunikatiza. Na siombi radhi. Kwa miaka kumi na tisa niliwasaidia watu kuchagua bastola ndogo za kupigia karatasi na makopo. Sikuwahi kumuuzia mtu hofu yake mwenyewe. Ofisi ngapi kati ya hizo zenu zenye viyoyozi zinaweza kusema hivyo?

Shahada zangu ni za historia. Nilikaa Houston miaka miwili nikizipeleka kila mahali, nikajibiwa kila mara kwamba nina sifa kupita kiasi, ambayo ni namna ya kumfukuza mtu kwa kumsifu. Nikahamia Dallas kwa sababu binamu yangu alikuwa na kochi. Siku moja simu ikanizimikia barabarani, nikaingia dukani kwa Mzee Wendell kuulizia njia. Mzee huyu wa Kiteksasi alikuwa na sikio moja linalosikia na jingine la mapambo. Akaniuliza kama najua kufagia. Nilijua. Akasema nianze Jumatatu. Nilipanga kukaa miezi mitatu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Watu wetu wanapenda ukubwa. Gari kubwa, harusi kubwa, spika kubwa kanisani. Mwanamume anaingia dukani na picha kwenye simu, ananionyesha bastola yenye mdomo kama bomba la maji, anataka hiyo. Unamuuliza ya nini. "Mazoezi." Mazoezi gani, na kitu kinachokurushia mkono hadi kwenye paji la uso?

Kariuki, dereva wa malori, Mkenya, rafiki yangu hadi leo, aliyeniita Prof kwa ajili ya zile shahada, alikuwa mbishi kuliko wote. Siku ya kwanza nilimpa bastola ndogo, ya kipimo cha ishirini na mbili, aishike. Akaipimapima kiganjani kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa.

"Hii ni ya kufukuza panya," akasema.

"Panya wa kwenu husimama mita kumi na tano, wakatulia?"

"Prof, mimi ni mwanaume mzima. Nipe kitu inabweka."

Nikampa inayobweka. Akapiga risasi hamsini kwenye ukumbi wetu wa shabaha. Karatasi yake ilirudi na mashimo machache pembeni, kama watu waliokuja harusini bila kadi. Nilipomsimamia kwa karibu niliona kwamba kila alipokaribia kufyatua alifumba macho. Mtu anayeendesha lori la magurudumu kumi na nane hadi California anafumba macho kwa kelele yake mwenyewe. Nikampa ile ya panya. Kufikia kasha la nne la risasi macho yalikuwa wazi na mashimo yamesogea katikati. Akainunua. Akasema ni ya mke wake. Mke wake hajawahi kuiona.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kuhusu bastola ndogo, na nitaitetea mbele ya yeyote. Kelele yake ni ndogo, nayo bastola inaruka nyuma kidogo tu, kwa hiyo mwili haujifunzi woga. Ukikosa, unaona umekosaje. Nguvu ya bastola kubwa inakuficha, unapata kisingizio. Ndogo haikupi.

Risasi yake ni nyembamba kama penseli iliyochongwa sana. Baruti ya kuwashia haikuwekwa katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, kuzunguka. Pini ya bastola inauma ukingo huo, risasi inaondoka. Ushikeni ukingo huo kichwani, maana ndio ulioniumbua.

Mkitaka kuchagua, wazimeni kwanza wale vijana wa kwenye simu wanaosifia bastola mpya kila wiki. Shika mwenyewe. Fumba macho, inyooshe mbele, kisha fumbua. Kama vilengeo vimekaa sawa bila wewe kuvirekebisha, kitako kimekukubali. Halafu koki, yaani vuta chuma cha juu nyuma hadi mwisho, mara kumi. Mara ya kwanza kila mtu ana nguvu, hasa akiwa na mchumba wake pembeni. Mara ya kumi ndiyo inayosema. Jaza kasha kwa kidole gumba, risasi kumi, moja baada ya nyingine. Makasha mengine yana kitufe cha kuvutia springi chini, na kwa mtu mwenye vidole vinavyouma kitufe hicho ni bora kuliko nakshi zote za mtutu. Uzito usiuogope: bastola ya chuma tupu inatulia mkononi, nawe huibebi kwenda popote. Kama unatetemeka au huna subira na makasha, chukua ile yenye silinda inayozunguka, wala usimruhusu mtu akwambie ni ya kizamani. Mimi pia ni wa kizamani.

Jingine: bastola hizi huchagua chakula kuliko mtoto wa miaka mitatu. Risasi ya kampuni hii inakula, ya kampuni ile inatema. Nunua maboksi madogo ya aina tatu, ujaribu, ndipo ujaze kabati.

Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji aifungue mbele yako, kisha airudishe. Nasema hivi kwa uchungu. Kuna aina moja inapiga vizuri ajabu, ila walioiunda walidhani binadamu ana mikono mitatu. Mwezi wangu wa kwanza Mzee Wendell alinipa niisafishe. Niliifungua kwa dakika mbili. Baada ya siku nne nilimrudishia ndani ya kopo la chakula changu cha mchana, vipande vipande. Akalitikisa kopo kwenye sikio lake zima. "Inaonekana bado ipo yote," akasema, akaniachia niendelee na ufagio.

Mawili ya usalama, kisha nawaachia. Ukivuta triga risasi ikagoma, usiigeuze bastola kuitazama usoni. Ielekeze kwenye tuta la udongo linalozuia risasi, hesabu hadi thelathini, ndipo ufungue. Na nyumbani inalala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zinalala kwingine. Hili la pili sitaki mjadala.

Sasa niwaeleze nilivyoharibu.

Sisi wa enzi zangu kule nyumbani tulipomaliza kidato cha sita tulikwenda jeshini mwaka mzima kwa mujibu wa sheria. Tulilima, tulikimbia, tuliimba, na kila jioni tulikagua silaha. Afande wetu alikuwa na utaratibu wake: fungua, tazama ndani, ingiza kidole, funga, elekeza juu, vuta triga. Mara tatu. Usipovuta mara tatu, unaruka kichura kuzunguka uwanja. Nimesahau wafalme wengi niliowasomea mitihani, lakini mkono wangu haukumsahau yule afande.

Kwa hiyo tangu siku niliyoaminiwa funguo za kabati, kila jioni kabla ya kufunga duka nilikagua bastola zote za mitumba. Fungua, tazama, kidole, funga, triga mara tatu. Hakuna aliyeniagiza. Mzee Wendell alikuwa ofisini na lile sikio lake la mapambo likiwa upande wangu. Nilijivuna, nisiwafiche. Nilijiambia: hawa hawajui nidhamu.

Maman Faida aliingia dukani mwaka wangu wa tano. Ni Mkongo wa Kivu, wakati huo amepita hamsini kidogo. Alifanya kazi ghala moja la Fort Worth, kufunga mizigo, saa kumi kwa siku. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vimevimba kwenye maungio. Mwenzake wa kazini alikuwa amempeleka kupiga karatasi mara moja, akapenda.

Nilimuuliza kwa uangalifu, kama msomi, iwapo milio haitamkumbusha ya nyumbani.

"Bunduki za kule zilikuwa za bengine," akasema. "Hii niko nashika miye."

"Na unapenda nini hasa?"

"Karatasi. Kule kazini masanduku inaenda tu, hakuna kitu inakuonyesha umefanya muzuri. Hapa ukipiga, karatasi inajibu."

Alishika bastola kumi na mbili. Akakataa kumi na moja. Aliyoipenda ilikuwa ya chuma, ya zamani, nzito, nyuma ina masikio mawili ya kukokia ambayo hata vidole vyake viliyaweza. Mzee Wendell akamkubalia aijaribu kila Ijumaa kwa miezi miwili kabla hajaamua. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi alijiunga nasi kwenye uwanja wa wazi nje ya Fort Worth, ambako waswahili kama wanane hivi tulikuwa tukipanga makopo juu ya tuta.

Kariuki alimtania siku ya kwanza. "Maman, makopo yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Nataka tu yanisikie."

Wiki za mwanzo alipiga vizuri. Polepole, pumzi ndefu, moja moja. Ndipo nikasikia kutoka kwake, wakati tukijaza makasha, kwamba msimamizi wake ameanza kumwambia mikono imekuwa mizito. Wamemwekea karatasi ya kutia sahihi, ahamishiwe mlangoni, akae kwenye kiti, apekue mifuko ya wenzake wanapotoka. Hakuitaka. "Wananiambia nipumuzike," akasema. "Miye sijasema nimechoka." Akanyoosha vidole mbele yangu akavitazama. "Hii mikono ikiweza hapa, na kule inaweza."

Basi mnaona kilichokuwa juu ya lile tuta. Wengine tulipiga makopo. Yeye alikuwa anauliza swali.

Wiki ya sita, Jumamosi, bastola ikagoma. Ta. Kimya. Akahesabu hadi thelathini kama nilivyomfundisha, akatoa risasi, akaweka nyingine. Ta. Ya tatu ikalia, ya nne ikagoma. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Na mimi, mtaalamu, nikasogea na sauti ya darasani.

"Unalegeza kiganja, Maman. Bastola inahitaji kushikwa imara."

Akashika imara. Ta.

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mtu anayetazamwa kama mtaalamu lazima atoe jibu. Nikasema, mbele ya wote, kwa huruma iliyopakwa asali: "Labda mikono imechoka tu, Maman. Si vibaya. Umri ni umri. Kuna michezo mingine."

Aliweka bastola mezani, mdomo kwenye tuta, kasha nje, kila kitu kwa utaratibu. "Bon," akasema. Akapanda gari lake akaondoka.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja, wala ya tatu. Jumatatu yake Kariuki akanipigia akiwa barabarani kuelekea Houston. Mke wake alikuwa akifanya kazi ghala lile lile.

"Prof, ulimwambia nini yule mama?"

"Kuhusu kushika bastola. Kwa nini?"

"Anataka ku-sign ile karatasi ya mlangoni. Ijumaa. Amemwambia mke wangu hata Profesa aliona mikono imeisha, mbele ya watu."

Nikaenda nyuma ya duka alikokuwa Mzee Wendell. Alikuwa na tabia moja niliyoiona siku zote kuwa ya uzee: kila risasi iliyogoma aliiweka kwenye kopo la kahawa, na siku za utulivu alizitazama kwa kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimemletea nne za Maman Faida, nikisema lawama ni ya risasi. Akaniita nitazame.

"Soma ukingo," akasema. "Pini ikiuma vizuri, alama inazama. Hizi zimeguswa tu. Mikono ya mtu haiwezi kufanya alama hii. Hii ni bastola."

Akaileta ile bastola, akamulika ndani. Kwenye mlango wa chemba, pale ukingo wa risasi unapokaa, chuma kilikuwa kimepondwa, kimevimba kama ufizi. Risasi haikai sawa. Na ncha ya pini imekuwa butu.

"Mtu ameipiga kavu," akasema. "Sana. Hizi kubwa ukivuta triga bila risasi hazijali. Mpya nyingi nazo zina kizuizi. Lakini ndogo ya zamani kama hii haina, pini inagonga chuma cha chemba badala ya ukingo wa risasi. Maman anafanya hivyo?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka afande. Nilihesabu kichwani: jioni sita kwa wiki, mara tatu kila jioni.

"Ni mimi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Hii, tangu ilipoingia dukani."

"Na nyingine?"

"Nyingine, miaka minne."

Mzee Wendell alitafuta kiti. Akatazama kabati zima la bastola za mitumba, kisha akanitazama mimi, mwenye shahada mbili. "Ulisomea nini vile?" akaniuliza. Nikamwambia historia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata maelezo ya kutosha.

Alinifundisha kurekebisha mchana ule ule. Kuna chuma kidogo chembamba unakiingiza kwenye chemba, unakizungusha na kuusukuma ule uvimbe urudi ulikotoka. Tukaweka na pini mpya. Saa moja. Saa moja tu, vijana.

Nikampigia Maman Faida. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilisema kosa ni la bastola, na la bastola ni langu, na kwamba mikono yake haina shida, na kwamba bastola iko tayari, aje Ijumaa, nitamfungulia mapema, tutakuwa wawili tu.

Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ulinisema wapi?" akauliza.

"Uwanjani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi kwa simu hapana. Utanirudishia mbele ya batu. Bale bale."

"Maman, Jumamosi ya mwisho bado siku tano. Na ile karatasi ni Ijumaa."

"Karatasi ni yangu. Wewe tafuta maneno yako."

Akakata. Nawaambia ukweli, nilikasirika. Nilijisemea: nimekiri, anataka nini tena, nitembee kwa magoti? Nilikuwa na hoja nzuri nzuri. Nilimwambia Kariuki zote kwa simu. Akaniacha nimalize kisha akasema, "Prof, siku ile ulikuwa na sauti ya kipaza. Leo unaongea kama mtu anaibiwa na amekubali." Nikamkatia simu.

Jumamosi wakaja wote wanane. Maman Faida alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, mikono mapajani. Sikujua kama Ijumaa alitia sahihi. Nilisimama kwenye meza ya kupigia, nikageuka kuwatazama watu badala ya makopo, nikaanza kueleza mambo ya mujibu wa sheria na historia ya nidhamu ya silaha.

"Fupi," akasema Maman Faida.

"Niliharibu bastola," nikasema. "Kwa kuivuta kavu kila jioni. Ilipogoma, sikuikagua. Nikamsingizia Maman."

"Sauti, Prof," Kariuki akasema kutoka nyuma. "Kama siku ile."

Nikarudia kwa sauti kama siku ile.

"Na mikono?" akauliza Maman Faida.

"Mikono haina kosa."

"Mikono ya nani?"

"Mikono yako, Maman, haikuwa na kosa. Nilisema uongo kwa sababu sikutaka kuonekana sijui."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakunishukuru, na msitegemee mtu awashukuru kwa kumrudishia kilicho chake. Akainuka. Kariuki alikuwa ameshapanga makopo kumi kwenye tuta. Nikataka kumjazia kasha. Akalichukua mkononi mwangu, akakaa nalo, akasukuma risasi moja moja kwa kile kidole kilichovimba, bila haraka, sote tukisubiri.

"Ile karatasi," nikauliza kwa sauti ya chini, "ulisaini?"

"Nilibarudishia. Niliambia shefu: ukiona sanduku moja nimefunga mubaya, lete hapa nilione. Hana."

Akasimama. Pumzi ndefu. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Zote kumi zikalia, hakuna hata moja iliyogoma. Makopo manne yakaanguka. Sita yalibaki yamesimama palepale juani.

Nikaona uso wake haujasogea, nikaona ni wakati wa kumsaidia. "Labda vilengeo vimehama kidogo tulipoitengeneza," nikasema. "Au hizi risasi..."

"Nyamaza, Profesa," akasema bila kugeuka. "Hizo sita ni zangu. Nimekosa miye mwenyewe."

Na akakaa chini kujaza kasha lingine.